Figo si jiwe la kupeleka ku depo

Mwezi wa ine mwaka 2025, serikali ya Kenya ilisimamisha kazi ya kupandikiza figo katika hospitali moja ya muji wa Eldoret, kisha ikaweka kamati ya kuchunguza. Mbele ya hapo, waandishi wa habari walikuwa wameonyesha vijana wenye kusema kama waliuzisha figo zao, na figo hizo ziliingia katika miili ya wagonjwa waliotoka inchi za mbali. Hospitali ilikana.

Bandugu, tusiseme Eldoret iko mbali. Sisi wa mangodi tunajua njia hii vizuri: kitu kinatoka kwa masikini kwa bei ndogo, kinapita mukononi mwa komisioneri, kinafika kwa tajiri kwa bei kubwa. Tofauti ni moja: safari hii kitu chenyewe hakitoki mu udongo, kinatoka mu tumbo la mutu.

Tuanze na ugonjwa. Figo zinasafisha damu. Zikikufa, mugonjwa anabaki na njia mbili. Ya kwanza ni dializi, kusafisha damu kwa mashini, kwa kawaida mara tatu kila juma, mpaka mwisho wa maisha. Ya pili ni kupata figo ya mutu mwingine: ya marehemu ambaye familia yake imekubali, ao ya mutu muzima, juu mwenye afya nzuri anaweza kuishi na figo moja kama waganga wanamufuatilia. Shirika la afya la dunia, OMS, linasema kama kila mwaka viungo zaidi ya 150,000 vinapandikizwa duniani, na hiyo haifikie hata 10 kwa mia ya wale wenye kuhitaji. Pale kitu kinakosa na feza ziko, soko linazaliwa, hata sheria ikikataza.

Tuone kesi iliyopita mbele ya tribinali, huku huku Afrika. Katika muji wa Durban, Afrika Kusini, kati ya mwaka 2001 na 2003, hospitali moja ya kampuni Netcare ilifanya operasio 109 za figo ambazo sheria ilikataza. Wagonjwa walitoka zaidi Israeli. Wenye kuuzisha, mwanzoni walikuwa Waisraeli, na walilipwa karibu dolari 20,000. Kisha makomisioneri walivumbua masikini wa Recife, kule Brazil, ambao walikubali karibu dolari 6,000. Figo ni ile ile, kazi ya munganga ni ile ile, lakini bei ya muuzishaji ilishuka juu ya umasikini wake. Karatasi zilitengenezwa za kudanganya kama hawa watu ni wa jamaa moja. Watano kati yao walikuwa wangali watoto mbele ya sheria. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikubali kosa na ikalipa karibu milioni 8 za rand. Waganga wane waliopelekwa mbele ya tribinali, kesi yao ilisimamishwa kabisa mwaka 2012.

Kesi ya pili ni ya juzi juzi. Mwezi wa pili mwaka 2022, kijana wa miaka 21, muchuuzi wa vitu vya telefone mu Lagos, alipelekwa London. Waliambia hospitali kama yeye ni ndugu wa binti mugonjwa, mutoto wa seneta mukubwa wa Nigeria, Ike Ekweremadu. Munganga alimuuliza maulizo, akaona kijana haelewe vizuri jambo lenye watamufanya, akakataa kumupasua. Kijana akaogopa, akakimbia, akalala inje siku kadhaa, halafu akaingia kwa polisi. Mwaka 2023 tribinali ya London ilitia seneta katika buloko miaka 9 na miezi 8. Bibi yake na munganga aliyekuwa komisioneri wao waliazibiwa pia. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza kuazibu watu kwa biashara ya viungo kwa kufuata sheria yake ya mwaka 2015 juu ya utumwa wa leo.

Sasa muchimbaji anaweza kutuuliza: «Kila siku ninashuka mu shimo, ninauzisha nguvu yangu na pumzi yangu. Vumbi inaingia mu mapafu, udongo unaweza kunifunika. Hakuna mutu ananikataza. Mwili ni wangu, deni ni yangu. Juu ya nini munikataze kuuzisha figo moja?»

Ulizo hili liko na nguvu, na hatuwezi kulijibu kwa mahubiri. Tena linashitaki kwanza wale wenye kuacha baba wa familia bila mushahara wa kutosha na bila matunzo ya hospitali. Tulijibu kwa hesabu.

Mwaka 2002, watafiti walichapisha kazi waliyofanya mu Chennai, kule India. Waliuliza watu 305 waliouzisha figo, wengi wao miaka mingi kisha operasio. Watu 96 kwa mia walisema waliuzisha juu ya kulipa madeni. Wastani walipata dolari 1,070, chini ya ile waliyoahidiwa. Na kisha? Mapato ya familia yalishuka kwa sehemu moja juu ya tatu. Kati ya wale waliouzisha juu ya madeni, 74 kwa mia walikuwa wangali na madeni. Watu 86 kwa mia walisema afya yao imeharibika. Na walipoulizwa kama wanaweza kushauri mwingine afanye vile, 79 kwa mia walisema hapana.

Njo jibu letu. Nguvu ya mukono inarudi kisha kula na kulala, figo hairudi. Deni linatoka katika maisha ya kila siku, na bahasha moja hailibadilishe. Ukiwa mutu wa kazi nzito, mwili ndio chombo chako, na umeuzisha sehemu ya chombo. Hata Iran, ambako sheria inakubali mutoaji wa figo alipwe, wenye kutoa wanabaki zaidi watu wa hali ya chini. Karatasi ya leta haikugeuza masikini kuwa tajiri.

Mataifa yaliona hatari hii. Mukataba wa Palermo wa mwaka 2000 unahesabu kutoa mutu viungo kama moja ya makusudi ya biashara ya watu, na Kongo yetu imeingia katika mukataba huo. Mwaka 2008, waganga na wajuzi wa sheria walikutana Istanbul, wakatangaza kama kila inchi ijitahidi kutunza wagonjwa wake yenyewe, isitume tajiri wake kutafuta figo kwa masikini wa wengine. Maneno ni mazuri. Lakini Durban inaonyesha kama karatasi inadanganywa, na London inaonyesha kama munganga mumoja mwenye kuuliza anaweza kuokoa mutu.

Wengine wanategemea ufundi mupya. Mwezi wa tatu mwaka 2024, kule Boston, Marekani, waganga walimutia mugonjwa wa miaka 62 figo ya nguruwe iliyobadilishwa ndani ya jeni zake. Alikufa karibu miezi miwili kisha, na hospitali ilisema hakuna alama ya kama figo ile ndiyo ilimuua. Kazi inaendelea. Siku itafaulu kabisa, soko la figo za masikini linaweza kuanguka, na sisi tutafurahi. Lakini tuulize mapema: nani atapata ya kwanza, na nani atalipa dawa za kila siku ambazo kwa kawaida mwenye kupandikizwa anakunywa maisha yote?

Kuna njia zingine zenye hazingoje nguruwe. Hispania iliweka shirika lake la taifa mwaka 1989, ikafundisha waganga kuzungumuza na familia za marehemu kwa heshima, na leo ni kati ya inchi za kwanza duniani. Kwetu, wengi wanataka kuzika mwili muzima, na hakuna wa kuwalazimisha. Lakini mazungumuzo yanaweza kuanza nyumbani. Tena tansio na ugonjwa wa sukari ndio vinaharibu figo nyingi. Kupima tansio hakuombe viza. Sindika za wafanyakazi ziweke jambo hili mezani pamoja na mushahara: kupima kila mwaka, na dializi yenye familia inaweza kulipa.

Ndugu yako akikuomba figo, uzungumuze na munganga peke yako, bila jamaa pembeni. Ukikubali juu ya mapendo, ni zawadi kubwa. Lakini komisioneri akikuletea pasipoti, viza na bahasha, umuulize ulizo moja: «Mwaka kesho, siku miguu yangu itavimba na sitaweza kushuka mu shimo, nitapigia nani simu?»