Ziara ya Mji Mkongwe isiishie Darajani

Mgeni anayekuja Unguja kuuona Mji Mkongwe hahitaji ramani. Njia imekwishapondwa na waliomtangulia: bustani ya Forodhani, Ngome Kongwe, Beit el-Ajaib kwa nje, kanisa la Mkunazini, nyumba ya Shangani inayotajwa kuwa ya familia ya mwanamuziki Freddie Mercury, halafu soko la Darajani kununua karafuu na hiliki. Akifika hapo mwongozaji hugeuka, na msafara hurudi upande wa bahari. Wanafunzi wanaoletwa na walimu wao hupitishwa takriban njia hiyo hiyo. Mbele ya soko, baada ya kuvuka barabara moja tu, inaanza Ng'ambo, ambako kwa miaka mingi wameishi wengi wa watu wa mji huu, na ziara haiwafikii. Wako wanaoliona jambo hili dogo, la ratiba na uchovu wa miguu. Mimi naona linampa mgeni, na mtoto wa shule, picha ya mji isiyo ya kweli.

Sisemi kwamba upande wa mawe hauna cha kuona. Ni bandari chache zilizokusanya watu wa namna nyingi hivi katika eneo ambalo mtu hulizunguka kwa miguu kabla ya adhuhuri. Sultani Barghash alijenga Beit el-Ajaib mwaka 1883. Karibu nayo, ufukweni, Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia mwenye asili ya Kachi, aliagiza jengo ambalo baadaye likawa zahanati, lenye roshani za mbao zilizonakshiwa Kihindi. Minara miwili ya kanisa la Wakatoliki huonekana kutoka baharini, na ndani ya vichochoro kuna hekalu la Wahindu, msikiti wa Wabohora na msikiti wa Malindi wenye mnara wa pia. Hata vyumba vina historia ya kusomwa: huwa virefu na vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Lakini angalia jinsi majengo haya yanavyosimuliwa. Kila moja lina mwenyewe, awe sultani, tajiri au askofu, na halina aliyekata boriti, aliyechoma chokaa, wala hamali aliyebeba pembe na magunia ya karafuu yaliyolipia yote hayo. Watu hao hawakupotea. Wengi wao na wajukuu wao waliishi Ng'ambo.

Mkunazini ndiko pengo hili linakoonekana waziwazi. Mwaka 1873 Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alikubali kulifunga soko la watumwa, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa juu ya kiwanja chake chini ya Askofu Edward Steere. Mgeni huonyeshwa altare, ambayo husimuliwa kuwa imesimama pale ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa, kisha sanamu za watu waliofungwa minyororo shimoni, kisha vyumba vya chini ya jengo la jirani. Kuhusu vyumba hivyo, jengo lililo juu yake ni la wamisheni, la baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama watumwa waliwahi kufungiwa humo. Hilo lenyewe lingetosha kumfanya mwongozaji apunguze uhakika wa sauti yake. Kubwa zaidi ni kwamba simulizi hukomea kwenye altare, kana kwamba kanisa liliposimama utumwa ulikwisha. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali visiwani hadi mwaka 1897. Na walioachwa huru walikwenda wapi? Mgeni haulizi, kwa kuwa hakuna aliyemfungulia mlango wa swali hilo.

Wengi walivuka kwenda Ng'ambo, wakajenga nyumba za udongo na makuti kwenye viwanja vya watu wengine na kuanza kujitengenezea jina. Wanawake ambao utumwani walivaa kaniki na merikani wakajifunga kanga zenye rangi na maneno. Huko ndiko mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba kutoka familia maskini, alikohamia na kuitoa taarabu kwenye makasri ya masultani, kwa Kiswahili, mbele ya wapishi na madobi. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na mwaka huo huo wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojenga juu yake. Ukitafuta bandari ya tamaduni nyingi iliyochanganyika kweli, iko hapa zaidi kuliko katika mpangilio wa mahekalu na makanisa, kwa kuwa huku Wanyamwezi, Wamanyema, Wangazija, Washihiri na wazaliwa wa Unguja walikopeshana sukari, walioana na waligombana.

Husemwa kwamba urithi ni upande wa mawe na Ng'ambo ni makazi tu. Mpaka huo una umri, na una walioukoleza. Katika karne ya 19 hata rasi ya Shangani ilikuwa na vibanda vingi katikati ya majumba. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyoigeuza tofauti ya vifaa vya ujenzi kuwa tofauti ya watu: huku mji wa mawe, kule makazi ya Waafrika, kila upande na kanuni zake. Hori iliyotenganisha pande hizo mbili imekwishafukiwa, na juu yake hupita magari. Mwaka 2000 UNESCO iliuandikisha Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia, na ilistahili, ila mstari wa uhifadhi usichukuliwe kuwa ndio mwisho wa historia.

Wapo wanaodai kwamba Ng'ambo hakuna cha kuona. Raha Leo, kituo cha jamii kilichojengwa enzi za Waingereza, ndiko wanamapinduzi waliomwondoa sultani walikoweka makao yao Januari 1964 na kutangaza ushindi wao redioni. Kisiwandui ndiko Rais Abeid Amani Karume alikouawa tarehe 7 Aprili 1972, na ndiko lilipo kaburi lake. Majumba ya Michenzani, yaliyochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yaliipasua mitaa ya zamani kama msalaba. Uyapende au uyachukie, ni ushahidi wa jinsi serikali mpya ilivyotaka mwananchi aishi. Upande wa mawe, Makumbusho ya Kasri yamekuwa yakionyesha meza na vitanda vya masultani. Anayetoka hapo bila kuvuka barabara hatajua kwa nini Sultani Jamshid aliikimbia nchi.

Najua hapo ndipo wengine hupandisha pumzi. Mapinduzi bado yana vidonda, na kila nyumba ina namna yake ya kuyasimulia, kwa hiyo wapo wanaoona heri mgeni aishie kwenye milango ya nakshi. Lakini utumwa nao una vidonda, na tumekubali kuusimulia kwa tiketi. Mwongozaji aliyefundishwa vizuri anaweza kusimama Raha Leo akaeleza furaha ya waliokuwa wakishangilia na hofu ya waliokuwa wakijificha, bila kumlazimisha msikilizaji achague.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wakazi wenyewe. Ng'ambo ni majumbani mwa watu: watu wanaanika nguo, wanapika, wanazungumza barazani, na hakuna anayependa kupigwa picha kama maonyesho. Wameona pia jinsi upande wa mawe ulivyojaa hoteli na maduka ya vinyago, na kodi zikawashinda wapangaji. Siwezi kuwaambia kwamba hofu hiyo haina msingi. Ndiyo sababu sipendekezi mabasi wala papasi wanaowaandama watalii kuhamia Michenzani. Msafara mdogo wa miguu, ukiongozwa na mtu aliyezaliwa mtaani humo, ukifuata barabara kubwa na kusimama kwenye maeneo ya umma, unatosha, na malipo yakienda kwa mwongozaji na kamati ya mtaa, mkazi atakuwa na sababu ya kusalimia.

Kuhusu fedha, ni kweli upande wa mawe unazihitaji sana. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Hakuna anayeweza kusema baada ya hapo kwamba mawe yasubiri. Ila kuvuka barabara hakuhitaji boriti wala chokaa. Kunahitaji saa moja zaidi katika ratiba, vibao vichache vya Kiswahili, na somo la Ng'ambo katika mafunzo ya waongozaji. Kama saa moja haipatikani, ipunguzwe ile inayotumiwa Shangani mbele ya nyumba ya Freddie Mercury, ambako picha moja inatosha.