Anataka kuonja dunia nzima, lakini chungu cha jirani anakikataa

Mwaka huu kijana mmoja wa mtaa wetu, hapa Kadutu, alitwambia kusudi lake: mbele ya kutimiza miaka 30, anataka kuonja vyakula vya inchi 50. Ameviandika kwa kaye: piza ya Italia, sushi ya Japani, kuskusi ya Maroko. Kila anachoonja anakipiga alama. Sisi walimu tunapenda kijana mwenye kusudi, tukamsifu.

Juma lililofuata tukakutana naye kwenye kilio, kwa familia moja ya Warega. Wakaleta bugali, sombe ya mawese na viwavi vya kukausha. Kijana akasukuma sahani, akanong'ona: "Siye hatukulake bile bintu." Mama aliyeileta alisikia. Akairudisha jikoni bila neno.

Njo maana tunaandika. Mtu aliye tayari kumeza samaki mbichi wa Japani lakini anachukia chungu cha jirani, huyo haonji dunia. Anakusanya majina ya inchi tu, sawa mtoto anayekusanya vizibo vya chupa.

Lakini tuko na neno pia kwa wazee wetu. Katika mikutano yetu ya mila, wengine wanasema kuonja vya wageni ni kutupa mila; mtu akule vile babu alikula. Wazee wetu, kwa heshima yote, tuangalie sahani yenyewe. Muhogo asili yake ni Brazili; Wareno waliuleta kwenye pwani ya Kongo katika karne ya 16. Mahindi, maharagwe, viazi vitamu, karanga, nyanya na pilipili, vyote vilitoka Amerika. Ndizi, ambayo bila yake hakuna kasiksi, ilitoka Asia, zamani sana. Na sambaza, ambayo mtu wa Bukavu anajivunia? Haikuwa katika ziwa Kivu. Ililetwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Kuna wazee kati yetu waliozaliwa mbele yake! Kama babu zetu wangekataa kuonja, leo tungebaki na mtama, ulezi, kunde na mawese. Ni vyakula vizuri, lakini sombe tusingeijua. Mila yenyewe ilianza siku mtu mmoja alipokubali kuonja.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Sisi ni watoto wa Bushi, tulilelewa na mashanza. Tulipopata diplomu ya ualimu, tulitumwa kufundisha upande wa Mwenga, ndani ya pori. Muhula mzima tulikataa kila sahani, tukisingizia tumbo. Wanafunzi walijua. Hakuna mzazi hata mmoja aliyekuja kutuzungumzia juu ya mtoto wake. Siku tulipokula kumbikumbi kwa mzazi mmoja, akatuuliza: "Mwalimu, kwenu munakulaka nini?" Tukamweleza mashanza. Akakunja uso: "Maziwa ya kuoza?" Tukacheka wote, mpaka machozi. Siku ile tulielewa kwamba chakula chetu nacho kinaweza kumtisha mtu. Toka hapo wazazi walianza kuja.

Je, haya ni mambo ya tumbo tu? Hapana. Tangu 1996 jimbo letu limezika watu wengi mno. Hatusemi sahani ndiyo ilileta vita. Tunasema hivi: mtu tunayemwita "bale banakulaka machafu", tumekwisha kumtoa nusu katika hesabu ya watu. Yule tuliyenawa naye katika beseni moja, ni vigumu kumsemea vile.

Basi kijana wetu, usifute kusudi lako. Lipange upya. Namba ya kwanza si Italia. Ni mlango wa jirani. Anza na Murega, Mufulero, Mubembe, Muhavu. Usimruke Mutwa, ambaye mpaka leo kuna watu wanaokataa kunywa naye katika kikombe kimoja. Pembeni ya kila chakula andika jina la aliyepika, jina la chakula kwa lugha yake, na namna kinavyotengenezwa. Halafu nenda mbali. Ukifika Brazili, kwenye jimbo la Pará, utakuta wanachemsha majani ya muhogo siku nyingi, wanayaita maniçoba. Utayatambua mara moja, juu ulianzia nyumbani.

Na sisi walimu na wazee wa shirika hili, tutoe mfano. Kwa mkutano ujao tusilete mikate na soda. Kila mmoja alete chungu cha kwao, na asikule chake: akule cha mwenzake. Atakayekataa, asimame aseme sababu mbele ya yule aliyepika.