MFANYAKAZI NI MBIA AU NI KUNI?



Hapa Eldoret twaambiwa kila siku kwamba Serikali na mashirika ya hisani ni wabia katika kutunza wagonjwa. Hatukatai. Mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka 2001 kati ya Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, umeokoa wagonjwa wengi wa UKIMWI, na anayeubeza hajapata kuuguza mtu.

Lakini Januari 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi karatasi moja huko Washington, misaada ikasimama. Katika kliniki nyingi za Kenya, washauri, makarani na wapima damu waliolipwa kwa fedha hizo waliambiwa wakae nyumbani. Wagonjwa hawakukaa nyumbani; walipanga foleni kama jana. Muuguzi wa Serikali akafanya kazi ya watu watatu kwa mshahara ule ule.

Kwa Katiba ya 2010 zahanati na vituo vya afya ni kazi ya Kaunti. Basi Kaunti ya Uasin Gishu iwaandike watu hawa kazi ya kudumu. Mfadhili alete dawa na mashine, tutamshukuru. Mshahara utoke kwa mwajiri ambaye twaweza kumwona, kumshitaki, na kugoma mlangoni pake.

Na mkataba wowote wa ubia usitiwe sahihi kabla chama chetu hakijausoma. Tumechoka kuitwa siku ya kukata utepe tu, tena kuja kupanga viti.