Sio wakubwa waliokata simu ile

Leo nina kisa nilichokikalia muda mrefu.

Enzi hizo nilikuwa redioni, kituo kidogo, nikiendesha kipindi cha asubuhi cha kupokea simu. Tulikuwa na laini mbili za mezani. Siku moja mama mmoja akapiga kueleza kero ya maji mtaani kwake. Alipofika pa kutaja anayeyauza maji yao... kimya! Simu imekufa hewani. Kutwa nzima nikawa naulizwa: "Mmemzima mama wa watu, mmekula ngapi?" Nikajitetea wee, nani akuamini?

Jamani, mkosaji alikuwa chipu, CD4066. Ndani yake mna swichi nne za kielektroniki, na fundi wetu alizitumia kuchagua laini ipi iende hewani. Laini ya pili ilikuwa "imezimwa". Ikaita, na chipu nzima ikaungua, pamoja na swichi iliyokuwa imembeba yule mama.

Imezimwa, inaunguaje? Hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Swichi ya taa ukutani ikizimwa, waya zinaachana kabisa. Hii ya kwenye chipu haiachanishi kitu, inabana njia tu, na inaweza kubana iwapo volti zinazoingia hazizidi umeme unaoiendesha. Yetu iliendeshwa kwa volti 12. Laini ya simu ya mezani, hata ikiwa imetulia, huwa na volti kama 48, na kengele inapoita huweza kufika 90. Hapo mkondo unajipenyeza kwa nguvu kwenye saketi ya ndani, na kwa kuwa swichi zote nne zinalishwa na umeme mmoja, akifa mmoja wamekufa wote.

Fundi akabadilisha chipu. Wiki mbili baadaye, ikaungua tena!

Kinga yake sio siri. Unaweka transfoma ndogo ya simu, ili laini isigusane na saketi. Unaongeza rezista ya kupunguza mkondo, na dayodi mbili za kukwepesha volti zilizozidi kabla hazijafika kwenye chipu. Siku hizi zipo hata chipu zenye kinga ndani yake, kama ADG5412F ya Analog Devices, ambayo huvumilia hadi volti 55 na hujifungia yenyewe signali ikizidi. Lakini hata hiyo, kwa kengele ya volti 90, bado transfoma inahitajika.

Fundi aliviomba vifaa hivyo tangu mwanzo. Akajibiwa hakuna bajeti. Ajabu, bajeti ya kununua chipu mpya kila inapoungua ilikuwepo!

Hapa ndipo ninapogombana na mabosi wetu. Tunaona kinga ni anasa ya mafundi kwa sababu ikifanya kazi haionekani. Ila hasara haikuwa ile chipu. Yule mama hakupiga tena, na kuna wasikilizaji ambao mpaka leo wanaamini tulimuuza. Kwa hilo hakuna spea, sio Kariakoo wala kwingine.

Kwa hiyo bosi, fundi akija na orodha ya rezista na dayodi, usimwulize "kwani imeharibika?" Saini.