Tone la Mafuta Ndani ya Jicho Lisidharauliwe

Miongoni mwa neema ambazo elimu ya tiba imewaletea wanadamu katika karne hii ni sindano ya dawa inayochomwa ndani ya jicho. Mgonjwa wa kisukari ambaye mishipa ya damu ya nyuma ya jicho lake imeanza kuvuja, na mzee ambaye kiini cha nuru yake kinafifia kwa umri, zamani walikuwa na tumaini dogo. Leo dawa kama bevacizumab, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa matibabu ya macho mwaka 2013, huweza kuwakinga na upofu, na baadhi yao huwarejeshea sehemu ya nuru waliyokwisha kuipoteza. Ni tiba inayostahili kuungwa mkono na Chama na Serikali, na kusogezwa karibu na wananchi.

Pamoja na hayo, neema haifuti wajibu wa kuhoji. Iko kasoro moja katika kazi hii ambayo ni ndogo kwa kipimo lakini si ndogo kwa uzito wake. Nayo ni mabaki ya mafuta ya silikoni yanayotoka katika bomba la sindano na kubaki ndani ya jicho la mgonjwa.

Inafaa jambo hili lieleweke vizuri. Bomba la plastiki tulilolizoea lina kijiti cha kusukumia dawa, na mwisho wa kijiti hicho kuna kizibo cha mpira. Mpira mkavu juu ya plastiki hugoma kuteleza. Kwa hiyo kiwanda hupaka mafuta ya silikoni ndani ya bomba ili kijiti kiende kwa ulaini. Kwa sindano ya mkono au ya paja hakuna anayelalamika, kwani bomba hilo lilitengenezwa kwa kazi hiyo. Jicho ni jambo lingine. Ndani yake umo ute mzito ulio maangavu, ambao ujazo wake ni kiasi cha mililita 4 tu, na mwanga hauna njia ya kufika nyuma ya jicho isipokuwa kupita humo. Mafuta ya silikoni hayachanganyiki na ute huo, wala mwili hauyayeyushi. Wahenga walisema mwiba uchomeapo ndipo utokeapo. Tone hili huingia pamoja na sindano, lakini halina mlango wa kutokea. Mgonjwa huliona kama kiputo cha duara kinachoelea mbele yake kila ageuzapo jicho.

Tatizo hili linakuzwa na uchumi wa dawa yenyewe. Bevacizumab ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, na kichupa chake kidogo kina mililita 4. Dozi ya jicho ni mililita 0.05. Ndiyo maana hospitali nyingi duniani hukigawa kichupa kimoja katika mabomba madogo, na wagonjwa wengi wakapata dawa kwa gharama iliyo chini sana ya ile ya dawa zilizotengenezwa mahsusi kwa jicho. Huo ni utaratibu wa busara kwa nchi isiyo tajiri, nasi hatuupingi. Lakini bomba linalopatikana kwa urahisi kwa kipimo kidogo namna hiyo ni lile la insulini, ambalo sindano yake imeunganishwa na bomba tangu kiwandani. Vipimo vya watafiti vimelikuta bomba la aina hiyo kuwa miongoni mwa yale yanayoachia mafuta mengi zaidi.

Habari hizi si ngeni kwa wataalamu. Mwaka 1986 jarida la Diabetes Care la Marekani lilichapisha taarifa ya madaktari wa Ujerumani kuhusu mafuta ya silikoni yanayotoka katika mabomba ya insulini. Tangu mwaka 2006 majarida ya madaktari wa macho yamekuwa yakieleza wagonjwa waliokutwa na matone hayo baada ya kuchomwa sindano. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba dawa iliyogawiwa katika mabomba, kisha ikatikiswa au ikaganda na kuyeyuka, huzidi kujaa chembechembe za mafuta na za dawa iliyoharibika. Baadaye watafiti wa Brazil na wenzao walithibitisha jambo ambalo lingemshangaza muuguzi yeyote: lile pigo la kidole alilofundishwa tangu chuoni, la kugonga bomba ili mapovu ya hewa yapande juu, ndilo linaloyabandua mafuta kwa wingi na kuyatia katika dawa.

Tunapenda kusisitiza hapa kwamba hatuandiki ili kuwatia watu hofu. Wagonjwa wengi wanaochomwa sindano za jicho hawaoni tone lolote. Wengi wa wanaoliona hulizoea, na ni wachache mno wanaohitaji upasuaji wa kuliondoa. Wapo hata wagonjwa ambao daktari huwajaza mafuta ya silikoni jichoni kwa makusudi, ili kuishikilia retina iliyobanduka. Hao huambiwa mapema, na kwa kawaida mafuta hayo hutolewa baadaye. Ubaya wa tone la bomba ni kwamba limeingia bila kukusudiwa, na mwenye jicho hakuambiwa lolote.

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba atashangaa tukimtajia sasa Kumsenga. Hiyo ni kata ya wilaya ya Kibondo, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, upande wa kupakana na Burundi. Hakuna bahari huko, wala mkarafuu. Lakini chukulia mkulima wa Kumsenga mwenye kisukari, anayetakiwa kusafiri siku kadhaa hadi KCMC iliyopo Moshi au Muhimbili iliyopo Dar es Salaam ili jicho lake lishughulikiwe. Kisha mchukue mvuvi wa Micheweni anayelazimika kupanda boti na kuvuka maji kwa haja hiyo hiyo. Wote wawili wameuza kitu ili wapate nauli. Wote wawili wameambiwa kwamba sindano moja haitoshi, bali watapaswa kurudi tena na tena.

Sasa mtu huyo amerudi nyumbani, na asubuhi ya pili anaona kiputo kinaelea mbele ya jicho lake. Hapana wa kumuuliza. Zahanati ya karibu haijapata kusikia habari hiyo. Jirani anamwambia kwamba wamemharibu. Safari ya pili hatakwenda, na wala hatuna haki ya kumwita mjinga. Kisukari kitaendelea na kazi yake kimya kimya, na mwaka mmoja baadaye tutakuwa na kipofu ambaye hakupofushwa na mafuta, bali na ukimya wetu. Kwa mkazi wa mji mkuu mwenye daktari mtaa wa pili, tone hilo ni usumbufu. Kwa mtu wa Kumsenga na wa Micheweni laweza kuwa ndio mwisho wa tiba.

Kwa sababu hiyo tunazikumbusha Wizara za Afya za pande zote mbili za Muungano mambo manne.

Kwanza, ununuzi. Bohari ya Dawa kwa upande wa Bara, na Bohari Kuu ya Dawa kwa upande wa Zanzibar, ziandike katika zabuni zao kwamba bomba la sindano ya jicho lisiwe na mafuta ya silikoni. Mabomba hayo yapo duniani, yakiwemo yale ya vipande viwili yasiyo na kizibo cha mpira. Idadi inayotakiwa kwa jicho ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya hospitali nzima, na kwa hivyo kisingizio cha gharama hakina nguvu.

Pili, mafunzo. Waganga na wauguzi wa macho waelekezwe kuacha kugonga bomba kwa kidole. Hewa itolewe taratibu, bomba likiwa limesimama wima. Dawa iliyogawiwa isigandishwe, isiachwe juani, wala isitikiswe ovyo njiani.

Tatu, ukweli kwa mgonjwa. Kabla ya kuchomwa aambiwe, kwa lugha anayoielewa, kwamba huenda akaona kiputo kinachoelea, na kwamba hiyo si sababu ya kuacha tiba, ila akieleze kwa daktari wake. Aambiwe vile vile dalili zisizongoja: maumivu yanayozidi, jicho kuwa jekundu zaidi, miali ya mwanga, au nuru kupungua kwa ghafla. Akiziona hizo arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Nne, kumbukumbu. Kila tone litakaloonekana liandikwe na taarifa ipelekwe: kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba huko Bara, na kwa Wakala wa Chakula na Dawa huku visiwani. Mtendaji anayefunika kasoro kwa kuogopa lawama hailindi Serikali, bali anaidhoofisha. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Wenye umri wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 huko Bara. Wanavijiji walikusanyika penye redio, wakaelezwa habari za malaria, kichocho na kuhara kwa Kiswahili chepesi, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Hawakufichwa jambo kwa hoja kwamba hawatalielewa. Tone la mafuta ndani ya jicho si gumu kueleza kuliko kichocho. Masheha wa visiwani na wenyeviti wa vijiji wa Bara wanaweza kulieleza, mradi wenye ujuzi wawaeleze wao kwanza. Tunazitaka Wizara zianze kazi hiyo sasa, na zabuni ijayo ya mabomba iwe ushahidi wa kwanza kwamba zimesikia.