Ufizi unaotoka damu si jambo la kawaida

Ndugu mwandishi, ulipoandika kuhusu sukari na meno uliwazungumzia watoto mno ukatuacha sisi watu wazima. Huku Bugarama, bondeni kabisa mwa Rwanda, kuna joto kali. Mtu akitoka kwenye mpunga au kiwanda cha saruji hukimbilia Fanta, na Fanta kwetu ni soda yoyote ile. Chupa ya mililita 330 hubeba takriban gramu 35 za sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima asivuke gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana aishie 25.

Wengi hudhani madhara ya sukari kinywani ni meno kutoboka tu. Sukari hulisha vijidudu vya kinywani, utando hujengeka ukingoni mwa ufizi, nao ufizi huvimba na kutoka damu. Ukipuuzwa, mfupa unaoshikilia jino huliwa, na huo haurudi wenyewe. Mwenye kisukari yuko hatarini zaidi.

Nawasihi hasa wenzangu wanaokaa na chupa moja dukani mchana kutwa, funda baada ya funda: hapo meno hayapumziki kabisa. Kiu ikatwe kwa maji, na ukiona damu kwenye mswaki, nenda ukapimwe.