Ukubwa ni Jaa: Mwalimu Mkuu Mbele ya Wazo Jipya

Wahenga walinena kuwa ukubwa ni jaa. Jaa halichagui, hupokea kila kitupwacho. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaliwaza viongozi wanaolaumiwa, ilhali ina funzo jingine: aliyekubali ukubwa amekubali kupokea. Katika shule zetu za upili, hata hivyo, methali inayovuma zaidi ni ile ya asiyesikia la mkuu. Ni nadra mtu kuuliza mkuu naye humsikia nani.

Mathalani, mwalimu wa Kiswahili apendekeze kwamba wanafunzi wa kidato cha tatu waende kwa wazee kurekodi ngano na nyimbo, badala ya kukariri fasihi simulizi vitabuni. Mwalimu mkuu akijibu kwa swali moja tu, "Hilo linatahiniwa?", jibu hilo halikomei afisini. Kabla ya chamcha limekwisha kuenea majilisini. Mwenye wazo la pili atapima maneno yake. Wa tatu atanyamaza. Muhula ukiisha, kimya kimekuwa kanuni ambayo hakuna aliyeiandika.

Hata sheria hupita katika mlango huo huo. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikalikazia katazo hilo. Mkuu aliyelisoma tangazo kwa kejeli aliwafunza walimu wake kulikwepa. Aliyewauliza, "Sasa tutarudi vipi bila kiboko?" aliwapa kazi ya kufikiri.

Uwezekano wa njia nyingine ulidhihirika Starehe, kituo kilichoasisiwa jijini Nairobi mwaka 1959. Geoffrey Griffin, aliyekiongoza hadi alipofariki mwaka 2005, alikuwa na baraza la kila juma ambamo wanafunzi waliuliza maswali na kutoa malalamiko yao waziwazi. Si kila ombi lililokubaliwa, lakini aliyesema alijua kwamba amesikika.

Yamkini wapo watakaosema kuwa mwalimu mkuu hubanwa na karo zisizolipwa, wazazi wanaodai alama za juu na maagizo ya wizara yasiyokwisha. Ni kweli, na si haki kumtwika kila lawama. Lakini kusikiliza hakuhitaji bajeti. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa nchini. Sababu zilikuwa nyingi, ila hapana shaka kuwa mwanafunzi asiye na pa kusemea hutafuta lugha nyingine ya kusema.

Hakuna anayemtaka mwalimu mkuu akubali kila wazo. Akikataa, ataje sababu. Akiahirisha, ataje siku. Akili ni nywele, na shule yenye walimu thelathini inayotumia akili ya mtu mmoja imejinyima ishirini na tisa.